Mdomo Uliokaribisha

Siku chache baada ya safari ya Jeddah, saa sita mchana, Protus alimkuta mkewe Beverly jikoni akinywa marashi ya waridi, chupa mdomoni, kama mtu aliyetoka kulima na kiu.

"Bevo! Hiyo si ya kunywa!"

"Ni tamu tu," akajibu, akajipangusa mdomo.

Protus akajilazimisha kucheka. Wote wawili waliajiriwa na kuishi mtaa wa Al-Naseem, Riyadh, nyumbani kwa Daktari Albrecht, Mjerumani aliyetibu figo asubuhi na jioni akafuata elimu yake ya pili, ya mila za watu. Alikuwa amezunguka Khartoum, Aden na kwingineko akirekodi sauti za mapepo, huku akiapa kwamba mapepo hayapo. Mtu wa ajabu kweli!

Jeddah, mtaa wa Al-Baghdadiyah, Protus alikuwa dereva na mkalimani. Kwa Bi Miriam, mganga kutoka Mombasa, jini lilimpanda dada mmoja wa Kilifi, likagoma kutoka kwa kuwa halina pa kwenda. Daktari akatabasamu. "Liambie lije kwangu, nafasi ipo." Protus akatafsiri, "Njoo kwangu, nafasi ipo," na yule dada akazinduka papo hapo. Daktari alifurahi njia nzima.

Sasa nyumba ilinuka udi ambao hakuna aliyeuchoma. Ijumaa, kutoka chumba cha kufulia ikasikika ngoma ndogo, Protus akadhani ni mashine, akaizima, lakini ngoma ikaendelea, ikahamia ukutani, ikapita sebuleni naye akiifuata, mpaka akamkuta Beverly ameketi sakafuni akiyumba, macho meupe, na kooni mwake sauti ya mzee wa kiume ikimwita yeye Protus "mwenyeji wangu".

Akampigia simu Bi Miriam.

"Mwanangu, jini halijui mkalimani," bibi akanong'ona. "Hufuata mdomo uliolikaribisha. Daktari na atamke mwenyewe, litamwachia mkeo. Fanya hima, likifika Isha halitoki tena."

Protus akamvuta daktari kwa mkono. "Bosi, please. Sema 'karibu kwangu', halas, yaishe. Si wewe husema hakuna jini? Basi ni maneno tu! Huyu ni bibi yangu, nakuomba."

Daktari akapiga magoti mbele ya Beverly, akafungua kinywa. Beverly akainua uso akamtazama, akangoja. Jasho likamtiririka daktari ndani ya baridi ya kiyoyozi, na kinywa kikafungwa bila neno. Akainuka, akarudi kinyumenyume hadi chumbani kwake, akajifungia kwa ufunguo.

"Bosi! Bosi, fungua!" Protus akagonga mlango huku analia. Msikitini wakaanza kuadhini Isha.

Nyuma yake mkewe akavuta mto, akaupigapiga.

"Mwache," sauti ya mzee ikasema kwa upole. "Njoo tukae, mwenyeji wangu."