Ukuta Uliomeza Kilio

Siku ya Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa sita na dakika arobaini mchana, Munir Alwi Badawi wa mjini Voi alitambua kwamba adhana ya adhuhuri haikuingia chumbani mwa mkewe. Mlango ulikuwa wazi. Uani adhana ilisikika vizuri; hatua moja ndani ya kizingiti, ilikatika kama uzi.

Mwanzoni alifurahi. Yeye na mwenziwe, Danson Mwakisha, walikuwa na karakana nyuma ya nyumba hiyo, walimotengeneza vigae vya kumeza kelele. Walisaga jiwe jeusi la grafiti, wakalichambua hadi likawa grafini, yaani utando wa kaboni wenye unene wa chembe moja, wakaufanya wino mzito, na printa ya pande tatu ikaupanga tabaka juu ya tabaka hadi ukasimama kama sega la nyuki. Nguvu ya kigae haikuwa katika jiwe, bali katika umbo la vitundu vyake. Vigae kumi na viwili vilitundikwa ukutani mwa chumba cha Nasiha, mkewe, aliyekuwa bado ndani ya arobaini yake, ili treni za mizigo zisimshtue Batuli, binti yao wa siku ishirini na tatu.

Lakini Munir alikuwa amevipimia ngurumo ya treni pekee. Sauti ya mwanadamu ilipaswa kupita. Danson alicheka, akasema vigae hivyo bila shaka ni waumini wa kanisa la kwao Mwatate, ndiyo maana havitaki adhana.

Siku iyo hiyo Bi Mwanaesha, mamake Munir, alikuta kichupa chake cha wanja kimekwisha. Mtoto wa arobaini haachwi bila alama nyeusi usoni, husuda isije ikampata. Akaingia karakanani, akachota kwa ncha ya kidole ule unga mweusi, laini kuliko wanja wowote, akampaka mjukuu wake katikati ya paji.

Alasiri Batuli alilia bila sauti. Kinywa kilifunguka, uso ukaiva, machozi yakatiririka, na kimya. Walimpeleka uani, kimya. Hospitalini daktari alimchunguza koo, akasema ni zima. Alama ya pajini ilioshwa kwa sabuni, kwa mafuta ya nazi, kwa maji ya zamzam, isitoke.

Siku ya pili yake, jua likiwa utosini, Nasiha alisikia harufu ya mwamba uliolowa, kisha ya nywele zinazoungua, ilhali jikoni hapakuwa na moto, kisha akasikia, kwa mbali kama mtu aliye chini ya kisima, kilio cha mwanawe, kile kile alichokizoea tangu tarehe 12 Januari, kikitoka katika kigae cha kwanza, kikahamia cha pili, kikahamia cha tatu, kana kwamba yuko aliyembeba mtoto akitembea naye ndani ya ukuta, na Batuli mwenyewe yumo mapajani mwake kinywa wazi, na Nasiha alipotaka kupiga ukelele sauti ikampotea midomoni, na mle ukutani mkaanza kuimbwa wimbo wa kumlaza mtoto, taratibu, kwa sauti yake yeye Nasiha.

Alitoka akitambaa, mtoto kifuani, akamkuta mumewe mlangoni.

"Munir," alinong'ona, "nani anayembembeleza mwanangu?"

Bi Mwanaesha alipokiri alichokipaka, Danson aliketi chini. Ndipo naye akakiri kwamba gunia la mwisho la grafiti, lililotoa vigae hivyo na unga ule, hakulinunua machimboni. Alilichimba juu ya Mwatate, katika mwamba ambao ukoo wao huupita kimya, bila hata kukohoa. Alidhani hayo ni mambo ya kale.

Mwalimu wa madrasa aliitwa. Alisoma mle chumbani, midomo ikatembea, na hata yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake. Alifunga msahafu, akatoka. Jumamosi, tarehe 8, Danson akamleta shangazi yake Wakio, mganga kutoka Mghange. Mama huyo hakuvuka kizingiti. Aliinusa alama ya mtoto, akasema chini chini:

"Wa mwamba ule hana sauti yake. Huishi kwa za wengine. Nyinyi mmemjengea nyumba ya vyumba elfu, kisha mkamtilia mtoto chapa."

"Tuvivunje, shangazi?"

"Mkivivunja, sauti ya mtoto inapotelea humo. Ataiachia akipewa nyingine iliyo kubwa zaidi. Na iwe kabla ya arobaini."

Hakuna aliyehitaji kuuliza sauti hiyo iko wapi. Sauti ya Bi Mwanaesha ndiyo iliyoongoza maulidi ya wanawake mjini tangu mwaka 1989.

"Mama, usiingie," Munir akasema.

"Kidole kilikuwa changu, mwanangu. Mshike mtoto vizuri."

Alijipaka unga ule pajini, akaingia. Kupitia mlangoni walimwona ameuelekea ukuta, anaimba, mishipa ya shingo imemsimama, na hawakusikia chochote; vigae tu vilikuwa vikipwita kama mianzi ya pua. Kisha Batuli akalia, uani, kwa nguvu zake zote, na Nasiha akapiga magoti. Paji la mtoto lilikuwa safi.

Bi Mwanaesha alitoka kwa miguu yake mwenyewe. Hajatamka neno tangu siku hiyo.

Danson huwaambia watu kwamba mama yule alipatwa na kiharusi, na kwamba vigae vilivunjwa kwa nyundo vikarudishwa mlimani siku ile ile. Maelezo hayo si sahihi. Kiharusi hakikuwapo. Vigae vyote kumi na viwili vingali ukutani, chumba kimefungwa, na ufunguo anao Munir, ambaye huingia kila alasiri kuisikiliza sauti ya mamake na hawezi kuvivunja, ingawa tangu mwezi wa Juni sauti hiyo inamwita kwa jina ambalo mamake hakupata kumwita.