Gugu Lisilo na Chumvi

Mimi majani nayajua. Shule niliishia la tano, kwa sababu mimi na mwalimu wa hesabu tulishindwa kuelewana, lakini niletee jani lolote la Ufipa hii, kuanzia Mwimbi mpaka Kate, nitakutajia jina lake, ukoo wake na ugomvi wake na maharage. Sangari, ndago, kongwa, kiduha, yote nimeyang'oa kwa mikono hii. Pale Milanzi wananiita Bwana Shamba, wengine kwa heshima, wengine kwa kunisanifu, na wote naitika. Kwa hiyo usidhani habari hii imetoka kwa mtu asiyejua kutofautisha mchicha na mbigili. Ilimpata dada yangu Evodia, tumbo moja na mimi, na nilikuwepo.

Ilikuwa Februari, asubuhi ya kawaida kabisa, na baridi yetu ile ya kumfanya mtu avae koti zito na kandambili. Evodia akanipigia simu kwamba kuna gugu limeota bustanini kwake, nyuma ya nyumba, nifike nilitambue. Nikamwambia abandike chai.

Nilikuta wanawake watatu wa jirani wamesimama uani, na Sayi, yule Msukuma mfuga ng'ombe anayepakana na dada yangu, ameegemea fimbo. Gugu lenyewe lilikuwa chini ya dirisha la chumba cha uani. Dogo tu, upana wa sahani. Nikainama, watu wakanyamaza kama wanangoja daktari aongee.

Nitakwambia leo nilichoona, maana siku ile sikukisema. Shina lilikuwa moja, lakini kila tawi lilikuwa na jani lake. Tawi hili jani la mnavu. Hili la kongwa. Hili la mchicha pori, hili la kishona nguo. Tangu nizaliwe sijaona mmea mmoja wenye makabila manne. Nikalishika shina, likanichoma kidogo. Jua halikuwepo. Ulikuwa moto wa kitu kilichoepuliwa sasa hivi jikoni.

Sayi akaeleza kwamba jana yake ng'ombe wake walivunja uzio, wakala maharage, wakatafuna mpaka kanga iliyoanikwa kambani, ila walipofika hapo chini ya dirisha walirudi kinyumenyume.

"Ng'ombe hajasoma, Bwana Shamba," akasema, "ila kwa hili wala hakuhitaji la tano."

Wanawake wakacheka. Na kicheko kile, ndugu yangu, ndicho kilichomuua dada yangu. Mimi si mtu wa kuchekwa na Msukuma mbele ya akina mama. Nikasimama, nikajipangusa magoti, nikatangaza kwamba hii ni kishona nguo ya kawaida iliyokosa mbolea, na dawa yake ni ile ya babu zetu. Kwetu majani hayachomwi wala hayatupwi. Unayakatakata kwa jembe, unayafunika udongo, unainua tuta la mviringo, ndiyo ntumba hiyo. Yanaoza humo ndani, na maharage ya juu yake yanakushukuru. Mfipa gani asiyejua?

Evodia akashusha jembe mara tatu, nne. Harufu ikapanda. Majani ya kuchemsha, yasiyo na mafuta, yasiyo na chumvi. Nikaona mikono ya dada yangu imesimama. Akaniangalia. Nikaangalia kuku.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Chumba kile cha uani alikuwa akilala mama mkwe wake, Mama Kristiana, aliyeletwa kutoka Kate akiwa mgonjwa wa miguu, mdogo, mwepesi wa kubebwa kama mtoto. Mume wa Evodia, Yonas, ni dereva wa fuso, wiki mbili yuko njiani, siku mbili yuko nyumbani. Akiwepo, mama anakula kama sisi. Akiondoka, Evodia anaenda pembeni ya uzio, anachuma chochote kilichoota, anachemsha kwa maji matupu, anampelekea bibi wa watu na kidonge cha ugali. Mimi nilikuwa nawaletea migebuka ya kukaushwa kutoka ziwani. Tunaibanika sebuleni, tunakula na dada yangu, mlango tumeurudishia. Bibi anasikia harufu. Siku moja aliuliza kama kuna samaki. Mimi ndiye niliyemjibu kwamba ni pua zake zimezeeka, tena nikasema kwa sauti ya mzaha, Evodia akacheka mpaka akapaliwa.

Siku ya mwisho Mama Kristiana alikataa kula. Akainua sahani yake kwa mikono miwili, akaimwaga dirishani. Jioni alikuwa amekufa. Tukamzika Kate, nikalia kuliko wote.

Kwa hiyo ile harufu tuliijua.

Tukainua ntumba hata hivyo. Siku ya tano Evodia akanipigia tena. Tuta zima lilikuwa limefunikwa, na majani yamefika kifuani mwa mtu. Wanawake wa jirani walikuwepo tena. Ningefanyaje? Nikasema vizuri, ndiyo dalili linaoza, sasa likatwe vipande vidogo zaidi lizikwe kwenye ntumba saba. Sayi hakucheka siku hiyo. Alimsogelea Evodia akamwambia taratibu kwamba kwao kitu usichokijua hukipi udongo. Nikamwambia akachunge.

Baada ya wiki mbili bustani haikuwepo tena. Lilikuwepo gugu, kutoka ukutani mpaka kwenye uzio, lenye majani ya kila aina ambayo dada yangu aliwahi kuchemsha, na ukipita unahisi joto miguuni.

Na Evodia alikuwa hali chakula. Si kwamba hakutaka. Nyama akiweka mdomoni inageuka majani ya kuchemsha. Chai, majani. Maziwa ya mgando aliyoletewa na Sayi, majani. Anatapika, na kinachotoka ni kijani kibichi. Alikuwa mwanamke wa kujaza mlango, sasa gauni linamning'inia. Hospitali walimpima kila kitu, wakasema mzima.

Yonas aliporudi safari akamtazama mkewe, akatazama bustani. Akawasha pikipiki, akaenda Kate, akarudi na mama yake mdogo, Mama Coleta.

Alikuwa kikongwe mwembamba, mpole. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akiniangalia miguu. Akachuma jani moja, akalitafuna polepole. Machozi yakamtoka bila sauti.

"Hii ni sahani ya dada yangu," akasema. "Nani alimpikia?"

"Mimi, mama," Evodia akajibu.

"Ya mwisho hakuila."

"Aliimwaga, mama."

"Basi ilikuwa sahani moja tu, mwanangu. Ungekaa chini ukaila siku ile ile, ungemaliza chai yako haijapoa, mambo yakaisha." Akaitazama bustani yote, mpaka kwenye uzio. "Sasa nani kakwambia uizike?"

Sayi aliangalia ncha ya fimbo yake. Yonas aliniangalia mimi. Mimi, ninayejua kusema asubuhi mpaka jioni, nikahesabu kuku.

"Niliamua mwenyewe, mama," Evodia akasema.

Mama Coleta akaendelea kutafuna. "Kwa mbali kuna samaki humu. Mlikuwa wangapi mliokula? Kama mlikuwa wawili, bustani inakatwa katikati."

Dada yangu alingoja. Nakwambia alingoja. Alinipa nafasi ya kukohoa, ya kusogeza mguu, ya kusema hata neno moja.

"Peke yangu," akasema.

Alianza kulila mchana ule ule. Gugu lile haling'oki. Yonas aling'oa shina moja yakaota mawili pale pale. Haliliwi na mwingine. Yonas alijaribu jani, ulimi ukamvimba hadi akashindwa kuongea. Ni kwa kinywa cha Evodia tu lilikubali kupungua. Alipiga magoti chini ya dirisha, kwa sababu akisimama halikatiki. Bila kupika. Bila chumvi. Tuta la kwanza lilimchukua siku nzima.

Siku ya tatu meno yalikuwa kijani. Siku ya tano yakaanza kulegea, akawa anayatema kwenye kiganja na kuendelea.

Siku ya sita nilimpelekea maji. Matuta matatu yalikuwa yamekwisha, udongo wake umebaki mtupu, safi. Akanishika suruali. Sauti ilikuwa imebaki pumzi.

"Kaka. Nisaidie hata moja."

Nikamwambia jino linaniuma.

Ndivyo nilivyosema. Kisha nikaongeza kwamba kuna mzigo wa samaki unanisubiri ziwani, na nikaondoka kweli. Njia nzima nilimsimulia dereva wa basi jinsi ya kutambua magugu.

Nilirudi siku ya kumi na moja. Uani walikuwepo watu wengi. Bustanini palikuwa peupe. Limebaki shina moja tu, lile la chini ya dirisha. Upana wa sahani.

Evodia alikuwa magotini. Alilivuta kwa fizi. Jani la mnavu. La kongwa. La mchicha. La mwisho likaingia. Mama Coleta akasema kutoka mlangoni limekwisha, mwanangu, sasa utakula chakula. Yonas akakimbia ndani kuleta uji.

Alipotoka na kikombe, mkewe alikuwa amelala kifudifudi.

Waliomwosha walinieleza kwamba mdomo wake ulikataa kufungwa. Walijaribu kitambaa, ukafunguka. Tukamzika hivyo hivyo, jeneza tukalifunga mapema.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Yonas alikuwa anafunga virago ahamie Kate. Mvua kubwa ilinyesha tangu alfajiri mpaka saa nne. Ilipokatika nikazunguka nyuma peke yangu, nione kama kuna chochote kimechipua. Hakuna. Hata sangari, ambayo huota juu ya mwamba. Udongo mtupu, umelowa, na vidimbwi kila mahali.

Chini ya dirisha kulikuwa na mashimo mawili ya magoti ya Evodia. Hilo halikunishangaza, alianzia pale na kumalizia pale.

Mbele ya hayo, yakiyatazama, yalikuwepo mengine mawili. Madogo. Ya mtu mwepesi aliyepiga magoti muda mrefu, karibu naye, kama anayemlisha mtoto.

Na kulia kwa magoti ya dada yangu, palikuwa na nafasi imefagiliwa. Inatosha mtu mmoja kukaa. Alama za ufagio zilionekana wazi, mstari kwa mstari.

Niliinama nikapagusa. Palikuwa pakavu.