Rangi ya Kucha Kwenye Injini

Pikapu ya Tabby Wariara ilizimika katikati ya barabara pale Shabab, Jumatatu asubuhi, ikiwa na hema mbili na viti vya harusi mgongoni. Moshi wa samawati ukawafunika watu wote waliokuwa karibu.

"Mathe, unatufukiza kama panya!" kondakta mmoja akapiga kelele.

Tabby hakuwa mathe wala mama wa mtu. Alikuwa msichana wa mtaa wa Section 58, rinda la manjano, raba nyeupe, kucha nyekundu kama pilipili, na biashara yake mwenyewe ya kukodisha hema. Biashara yote ilitegemea hiyo pikapu aliyoachiwa na marehemu babake. Ikifa, naye amekwisha.

"Madam, usipige stata tena." Kijana mrefu mwenye ovaroli ya kijani alikuwa ameshafungua boneti. Akachomoa kijiti cha oili, akakinusa. "Hii inakunywa oili kuliko petroli. Naitwa Jerry Omolo. Gereji yangu iko hapo nyuma."

"Na nani amekuita?"

"Moshi."

Tabby akacheka bila kupenda, na mambo yakaanzia hapo.

Jerry hakumficha kitu. Injini ilikuwa imechoka, na njia zilikuwa mbili: kuijenga upya, au kuitupa na kufunga nyingine ya mtumba kutoka Japani. "Mimi ningeijenga," alisema. "Bloku, mwili wenyewe wa injini, bado ni nzima. Ile ya mtumba hujui ilitoka kwa nani wala iliteswa vipi."

Tabby akaomba muda wa kufikiria. Kufikiria kwenyewe kukawa ni kwenda gerejini kila siku, kunywa chai na mandazi juu ya tairi kuukuu. Kila jioni simu ililia. "Umekula, nyar Longonot?" Jerry aliuliza, akimtania kwa Kijaluo kuwa binti wa Longonot, kwao wazee wake. Tabby alijibu kwamba amekula, kisha wakaongea mpaka chakula kikapoa. Alimpenda. Alimpenda na kumshuku kwa pamoja, kwa sababu babake aliwahi kubadilishiwa gia boksi nzima kwa mbovu na fundi aliyekuwa akila kwao kila Jumapili. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Rafiki yake Jackie naye alipuliza moto. "Fundi akikuita sweetheart, hesabu spea. Mbona hataki ununue injini kwa Gathogo? Ya Gathogo inafungwa siku moja! Huyu anataka ukae hapo mpaka uzeeke."

Kwamba Gathogo, muuza injini, alikuwa binamu ya Jackie, hilo Tabby hakulishuku hata kidogo.

Hatimaye alikubali injini ijengwe. Lakini siku ilipofunguliwa, Jerry alipokwenda kunawa mikono, Tabby alitoa chupa ya rangi ya kucha kwenye mkoba. Akaweka nukta nyekundu kwenye kila pistoni, na nyingine ubavuni mwa bloku. Sasa abadilishe tuone.

Siku mbili baadaye alikuwa Keringet akifunga hema za harusi aliposikia simu.

"Babe, niko kwa karakana ya mashine. Bloku inachongwa mashimo upya."

"Mbona hukuniambia unaipeleka leo?"

"Nimekupigia tangu asubuhi, huko uliko milimani network ni ya kuomba Mungu."

"Nitumie picha."

"Sawa, nakutumia."

Hakutuma.

Kesho yake asubuhi Tabby aliingia gerejini bila salamu. Bloku ilikuwa juu ya meza, safi, inang'aa. Aliizunguka. Hakuna nukta.

"Hii si yangu."

"Ni yako, Tabby. Imechemshwa kwa dawa ya kutoa oili. Soma namba ya injini."

"Namba hugongwa upya. Nyundo si unazo?"

Jerry aliweka spana chini polepole. "Unaniita mwizi?"

"Nakuita fundi."

"Sawa," alisema, akarudi kwenye kazi yake. Hakumfuata hata mlangoni, na hilo ndilo lililomchoma Tabby zaidi. Asiye na hatia angepiga kelele, aliwaza. Akampigia Gathogo: kesho asubuhi alete injini yake, ifungwe kwingine. Kisha akaenda nyumbani, akaosha vikombe vilivyokuwa safi, akilia.

Saa za jioni kijana wa boda akabisha na gunia. "Jerry amesema mwenye gari hupewa spea zake za zamani."

Zilikuwa pistoni, nyeusi kwa masizi, nukta zake nyekundu zikiwa palepale. Tabby alipeleka moja dirishani. Katikati ya wekundu palikuwa na kishimo kidogo, kimegongwa kwa chuma chenye ncha. Akatazama ya pili, ya tatu. Zote zilikuwa nacho.

Alikimbia na ndara hadi gerejini, mkoba begani. Jerry alikuwa akifunga gereji. Tabby alimpita, akapitisha kidole ubavuni mwa bloku, pale alipokuwa ameweka nukta yake. Kidole kikadidimia kidogo kwenye kishimo kama kile.

"Uliona lini?"

"Siku ile ile. Fundi asiyeona cutex kwa pistoni ni fundi gani?"

"Na ukanyamaza!"

"Ningesema ungeaibika, uache kuja. Nilijua dawa itaiosha rangi, nikaigongea kishimo, ili ukishuku, uwe na pa kuangalia."

"Leo asubuhi je?"

"Leo uliniuma. Nilitaka uniamini mara moja tu bila nukta."

"Nisamehe, Jerry. Nakupenda, na naogopa." Akapangusa macho. "Na picha?"

"Simu ilizimika. Chaji iliisha."

Tabby akaketi juu ya lile tairi kuukuu.

Jerry akamnyooshea mkono wa kushoto, kidole cha pete mbele, ukucha mweusi kwa grisi. "Uko na ile cutex? Nipake. Siku yoyote ukirudishiwa mtu, ukiona nukta, ujue ni mimi."

Tabby aliitoa kwenye mkoba, akapaka. "Lakini hii huoshwa."

"Ndiyo. Ndiyo maana nataka tuende kwa baba yako mkubwa kule Longonot nikakuombe, tukirudi tuvae ile isiyooshwa."

Tabby akasema ndiyo, kisha akasema tena kwa sauti. Halafu akampigia Gathogo kumwambia asilete injini, huku mkono wake wa pili umeshikilia kidole cha Jerry mpaka rangi ikauke.