"Itazama Nchi Kavu," Alisema Kaka Yangu

Maji yalinifika magotini... na mashua yangu ilikuwa nchi kavu!

Hujasoma vibaya, maji yalikuwa ndani yake. Mashua ya matanga, imesimamishwa juu ya miguu ya chuma kwenye uwanja wa klabu yetu ya mashua, mita mia kutoka baharini. Januari, baridi ya kukata masikio.

Nikavunja barafu kwa kisigino, nikazamisha mkono kwenye tundu la kutolea maji, pale nyuma tunapokaa. Nilijua ni majani tu yameziba.

Wapi! Nikashika kizibo...

Tundu la pili nalo, kizibo! Vimegongwa vikakaa sawasawa.

Jamani, nani ananichukia hivi?!

Naitwa Vibeke, nina miaka arobaini na sita, mtu wa Limfjord, Denmark. Mashua alinipa baba, mzee Aksel, mwaka juzi alipotimiza themanini. Kaka yangu Preben aliitaka sana. Siku nakabidhiwa, akasimama mbele ya klabu nzima, kikombe mkononi:

"Mtaona! Kwa Vibeke itazama nchi kavu!"

Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mimi sikucheka.

Sasa sikia. Mashua ikiwa juu msimu wa baridi, maji ndiyo adui. Uweke turubai usiweke, theluji ikiyeyuka yanapenya. Ndiyo maana niliinua pua yake kidogo, maji yote yakimbilie nyuma, yatokee kwenye yale matundu mawili. Yakiziba, maji yanapanda, yanaingia chumbani, yanaganda na kupasua kila kitu.

Halafu Februari kuna ukaguzi. Ukikutwa na maji yaliyotuama, unapoteza nafasi yako uwanjani. Nafasi ambayo watu wanaisubiri miaka tisa!

Na wa kwanza kwenye foleni ni nani? Preben!

Tena aliyeziba alifungua kamba ya turubai, akaifunga tena kwa fundo safi kuliko langu. Fundo la nyumbani kwetu kabisa.

Nikaving'oa vyote viwili, nikaenda moja kwa moja klabuni. Namkuta anakula keki.

"Umeziba matundu yangu!"

"Nini?"

"Usijifanye! Hivi hapa!" Nikavibwaga mezani, sahani ikaruka.

"Dada, ngazi yako sijaikanyaga tangu Oktoba."

"Mwongo mkubwa wewe!"

"Kama imekushinda iuze, upumzike!"

"Siuzi! Na wenzako wasikie vizuri... SIUZI!"

Nikatoka, nikaubamiza mlango.

Jumapili iliyofuata, saa saba mchana, nikajificha chumbani mwa mashua, mlango nimeuacha na upenyo. Leo namkamata mtu!

Ngazi ikalia... kwi... kwi...

Turubai likafunguliwa. Buti zikashuka. Simu yangu inarekodi tayari.

Nikasukuma mlango. "Nimekuka..."

Alikuwa baba.

Amepiga magoti, kizibo kipya mkono mmoja, nyundo ya mbao mkono mwingine. Hata hakushtuka.

"Bodil," akaniita. Bodil ni mama. Mama alishafariki, mwaka wa sita huu. "Watu ni wengi leo. Wakikaa wote huku nyuma, bahari itapanda kwenye matundu. Ngoja nizibe, msije mkalowa."

Nikakumbuka. Kiangazi, sisi wadogo, wageni wamejazana nyuma, uzito unaishusha mashua, maji ya bahari yanachungulia miguuni... na baba anaziba kwa vizibo alivyochonga mwenyewe. Kila safari! Kwake yeye, siku ile ilikuwa Julai.

"Ziba tu, Aksel," nikamwambia. Nililia jamani, sifichi.

Preben nilimwomba msamaha palepale klabuni, mbele ya watu walewale. Nikamweleza yote niliyoyaona.

"Kwa hiyo mzee anapanda ngazi peke yake, kwenye barafu? Vibeke, iuze."

"Siuzi. Ngazi nimeipiga mnyororo, atapanda na mimi. Na kuziba simkatazi."

"Sasa maji yatatokea wapi?"

"Subiri ukaguzi."

Siku ikafika. Mwenyekiti Holger akapanda na daftari lake, Preben nyuma yake. Baba ameketi, kofia ya nahodha kichwani. Matundu yote mawili yamezibwa!

"Vizibo? Februari?!" Holger akatikisa kichwa. "Pole, Vibeke. Hii nafasi..."

"Kabla hujaandika, mwenyekiti..."

Nikamwaga ndoo nzima ya maji miguuni pake.

Maji yakazunguka vile vizibo... yakashuka... yakaisha! Chini tukasikia watu wanapiga kelele, viatu vimelowa.

Vizibo vyote nilikuwa nimevitoboa katikati kwa drili.

Preben akainama, akang'oa kimoja, akachungulia kwa jicho moja. Nikamwona anaminya midomo, kisha akaangua kicheko.

"Kirudishe, kijana," baba akamkemea. "Unataka tulowe?"

Preben akakirudisha mwenyewe, taratibu. Holger akaandika: imepita.

Sasa kila Jumapili Preben anashika ngazi, mimi namshika baba kiwiko. Baba anaziba, maji yanatoka.

Funzo langu ndilo hili. Nilimtafuta adui nikamtangaza mbele ya watu, kumbe ni baba yangu ananilinda nisilowe. Kabla hujamtaja mtu, panda ngazi ukaone kwa macho yako. Na wanaosema chako kitazama, waache waseme.

Wewe toboa vizibo. Mimi siuzi!