Mume wa Behewani

“Sema tena, Omega. Amesema nini?”

“Kaka, mimi sitaki kugombanisha watu.”

“Sema!”

“Amesema ana mume. Kamwonyesha mhudumu kwa kidole kabisa: mume wangu ni yule pale.”

Mabula alikuwa stesheni ya Ifakara, simu sikioni, jua likimpiga utosini wala hana habari nalo. Tangu asubuhi alikuwa akimsubiri mchumba wake, Agnella, aliyekuwa anarudi na treni ya Zambia baada ya kupeleka mchele Nakonde. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mahari. Sasa rafiki yake Omega, abiria wa treni hiyo hiyo, anamwambia bibi harusi ana mume mwingine.

“Mume gani? Kijana?”

“Mzee mmoja ana kofia ya pama na blanketi la maana. Wameingia chumba kimoja, mlango ukafungwa.”

Mabula na wivu ni mtu na ndugu yake. Fundi cherehani alipotaka kumpima Agnella kiuno, Mabula alimwambia apime kwa macho. Mtu wa namna hiyo unampelekea umbea wa mlango uliofungwa, unategemea nini?

Ukweli nakupa wewe msomaji kabla yeye hajaupata. Injini ya treni ya Zambia ilikufia Makambako. Abiria wa bondeni, upande wa Ifakara, wakahamishiwa treni nyingine itakayowafikisha Mlimba tu, na huko wawahi treni ndogo ya Ifakara, ambayo haina desturi ya kumsubiri mtu. Kwenye vyumba vya kulala vya reli ile, wanawake hulala kwao na wanaume kwao. Wakichanganyika, basi wawe mtu na mkewe, au familia. Vyumba vya kina mama vilijaa, Agnella akabaki mlangoni na furushi lake la vitenge.

“Dada, kimebaki chumba cha familia,” mhudumu alimwambia. “Mumeo yuko wapi?”

Agnella aliona Jumamosi inaponyoka. Akanyoosha kidole kwa mzee wa kwanza aliyemwona.

“Yule pale.”

Mzee aligeuka. Akamtazama binti, akalitazama furushi, akamtazama mhudumu.

“Mbona unachelewa, mama? Ingia,” alisema.

Mlango ulipofungwa, Agnella alipiga goti.

“Shikamoo baba. Nisamehe sana.”

“Marahaba, mayu, mama yangu. Lakini polepole. Mhudumu akisikia shikamoo hiyo, tunashushwa wote.”

Wakacheka. Mzee akatoa karanga, wakala pamoja. Majina hawakuulizana, maana Agnella alilelewa kwamba jina la mtu mzima haliulizwi, na mzee kwake “mayu” ilitosha. Kidogo simu yake ikatoa mlio wa ujumbe.

“Hongera kwa kuolewa. Nasikia bwana ana blanketi.”

Akajibu haraka: “Mabula, treni imeharibika. Nimedanganya ili nipate nafasi tu. Nikifika nitakueleza yote.”

“Kwa hiyo unakiri.”

Akatoka kwenye korido, akampigia.

“Mabula, nisikilize basi.”

“Mpe simu mumeo niongee naye!”

“Ni mtu mzima, jamani. Ana umri wa baba yako.”

“Usimtaje baba yangu kwenye uchafu wako! Baba yangu anakuja Ijumaa na basi kutoka Usangu, anakuja kumwona mkwe. Nimwambie nini? Kwamba mkwe kaolewa njiani?”

“Mwambie mwanaye ana kichaa!”

Simu ikakatwa. Treni ilikuwa inakata mahandaki, mtandao unakuja na kuondoka. Uliporudi, ulirudi na hili:

“Kaa na kikongwe chako. Miguu yote miwili iko kaburini bado kinatafuta wake za watu. Pete uiache stesheni. Malaya wa reli.”

Agnella alirudi chumbani akalia kwa sauti.

“Nani amefariki?” mzee alishtuka.

“Hakuna, baba. Ni mchumba wangu.”

Alishindwa kueleza, akamsomea. Mzee alisikiliza, kichwa kainamisha.

“Kikongwe ndiyo mimi?”

“Nisamehe, baba.”

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akafuta macho, na aliposema tena hakuwa na mzaha.

“Mayu, nikuambie kama mwanangu wa kumzaa. Mwanaume anayekutukana wakati umekwama njiani, huyo akikuweka ndani atakupiga. Mwache.”

Kilichomuuma Agnella ni kwamba hata na tusi lile mkononi, bado alikuwa anatamani afike amwone.

Walipofika Mlimba, treni ndogo ilikuwa imekwisha piga honi. Omega, mdomo wake haupoi, akapiga simu tena.

“Kaka, mzee kasimama mbele ya gadi wa treni! Anasema treni haiondoki mpaka mke wake apande na mzigo wake!”

“Na gadi?”

“Anasubiri, kaka. Mzee ana sauti yule.”

Mabula alikata simu, akaenda kuchuma fimbo.

Treni iliingia Ifakara alasiri. Agnella alishuka, macho mekundu, furushi kichwani. Mabula akamkabili mbele ya watu wote.

“Yuko wapi mume wako? Nataka nimwone leo!”

“Yuko nyuma yangu. Muulize mwenyewe.”

Kofia ya pama ikatokeza mlangoni. Chini yake palikuwa na uso ambao Mabula aliujua kabla hajajua kutembea.

Fimbo ilimtoka mkononi.

“Baba?”

“Mabula.”

“Si… si ulisema Ijumaa? Na basi?”

“Nilitangulia nisije nikachelewa. Barabara imefungwa, basi limetuacha Makambako. Nikasema nijaribu reli.” Mzee alimtazama mwanaye, akamtazama binti, akaelewa. “Mungu wangu. Ni wewe?”

Agnella alilitupa furushi, akajifunika kitenge usoni na kugeukia ukuta. Mabula alikuwa amekwisha mfundisha mila za kwao: Kisukuma, mtu na baba mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawakai karibu. Yeye kala naye karanga kiganja kwa kiganja, kafungiwa naye chumba kimoja, kamwita mume. Mzee naye alirudi nyuma akageukia relini. Mabula akabaki katikati ya migongo miwili.

“Mabula,” mzee alisema akitazama reli. “Mwambie mkwe wangu aliyofanya Makambako hayana kosa. Shida ilimtuma, na mimi nilikubali.”

“Agnella, baba anasema huna kosa.”

“Mwambie baba nashukuru,” sauti ilitoka ndani ya kitenge. “Na mwambie lile neno la kikongwe halikuwa langu.”

Mabula aliitazama fimbo iliyolala chini.

“Sema,” mzee aliamuru.

“Anasema… lile neno halikuwa lake.”

“Muulize ni la nani.”

Omega, aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka, alijificha nyuma ya mama muuza miwa.

“Ni langu, baba.”

“Kule njiani nililicheka. Nilidhani ni mtoto wa mtu mwingine.” Sauti ya mzee ilikwaruza. “Umenizika nikiwa hai, Mabula. Ng'ombe wa kulisafisha neno hilo utamtoa wewe, kwenye zizi lako. Na mwambie binti, ushauri niliompa sijaufuta.”

“Ushauri gani, baba?”

“Mwambie. Anaujua.”

“Agnella, baba anasema ushauri aliokupa hajaufuta.”

“Alinishauri nikuache.”

Mabula alipiga magoti pale pale kwenye kokoto. Wivu wote ulimtoka, ikabaki hofu tupu.

“Agnella, nisamehe. Nilichanganyikiwa. Nakupenda.”

“Unanipenda, halafu malaya wa reli?” Aligeuka kwa Mabula, kitenge kikadondoka begani. “Nimelala nimekaa Makambako, nimebeba mzigo nikakimbia nao, nimedanganya watu, yote niiwahi Jumamosi yako! Hukuniuliza hata kama nimekula!”

Machozi yalimtoka Mabula, na kwa mara ya kwanza hakujali nani anamtazama.

Agnella alijifunika tena.

“Mwambie baba ushauri wake ni wa mzazi. Lakini nampenda mwanaye, na ndilo linaloniudhi.”

“Baba, anasema ananipenda.”

“Malizia.”

“Na ndilo linalomuudhi.”

Mzee aliguna, mgongo wake ukalegea kidogo.

“Na mwambie,” Agnella aliendelea, “Jumamosi hakuna mahari. Mwaka mzima mwanaye asiniulize niko na nani, nimesimama na nani, nani kanipigia. Akiweza, mje na mahari.”

“Mwambie nimekubali,” mzee alisema.

“Mwaka mzima?” Mabula aliinuka nusu. “Agnella, kwani kuna mtu?”

“Ukiuliza tena, miwili.”

Dereva mmoja wa bajaji, kijana mrefu mwenye meno meupe, alisogea akitabasamu.

“Agnella mrembo! Umepotea sana! Njoo nikupeleke, leo bure.”

Mabula alifungua mdomo. Akamtazama Agnella, akamtazama baba yake, akaufunga. Kisha akainama, akaokota furushi la vitenge, akalipakia kwenye bajaji mwenyewe.