Chumba cha Kandara

Kila siku saa nane mchana basi la shule lilimshusha Keziah mbele ya jengo lao mtaa wa Olaya, mjini Riyadh. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akapasha chakula, kisha akaanza kazi za shule. Mama yake, Rosebellah, alikuwa muuguzi hospitalini. Baba yake, Alfayo, alifanya kazi katika maabara ya hospitali hiyo hiyo. Wote wawili walirudi jioni wakiwa hoi.

Jioni moja ya mwaka 2015, Baba alikuwa na habari. "Likizo hii tunakwenda Jeddah siku tatu. Kuna bustani ya burudani kando ya bahari. Utapanda kila bembea mpaka uchoke mwenyewe."

Keziah, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alirukaruka kwa furaha. Rafiki yake Hannah alikuwa amekwenda huko. Alimsimulia kuhusu hoteli iliyotazamana na bustani hiyo, yenye bwawa la kuogelea, na vyumba ambavyo ukifungua pazia tu unaliona gurudumu kubwa likizunguka.

"Tukae hoteli ile ya kina Hannah," alisema.

Mama alitikisa kichwa. "Tutakaa Kandara, kwa Mzee Khatibu."

Keziah alikunja uso. Kandara ulikuwa mtaa wa zamani uliosongamana, mbali na bustani. Mzee Khatibu, Mzanzibari, alisimamia nyumba ya wageni huko. Haikuwa na bwawa wala chochote.

Mama alimvuta karibu. Mdogo wake, Anti Fridah, alikuwa mfanyakazi wa nyumbani Al-Hindawiyah, jirani na Kandara. Hakuwa na siku ya mapumziko. Safari hii madam wake alikuwa amekubali atoke Ijumaa, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu, mradi aende kwa miguu na asiende mbali zaidi ya Kandara. Jumamosi familia ile ilikuwa inahamia Tabuk, mbali kaskazini, na Anti Fridah angehama nayo.

"Nyanya yako alipozikwa mwaka jana, hakuna kati yetu aliyepata ruhusa ya kwenda nyumbani," Mama alisema. "Tangu siku hiyo sijakaa na ndugu yangu tukamlilia mama yetu. Umeelewa?"

"Ndiyo, Mama."

Kesho yake, akiwahi zamu, Mama alimwachia namba ya simu. "Ukitoka shule umpigie Mzee Khatibu atuwekee chumba. Wakati wa likizo vyumba huisha haraka."

Mchana Keziah aliishika simu. Akawaza jinsi alivyokwisha kujigamba kwa Hannah kwamba watakaa hoteli ile. Akaiweka chini bila kupiga.

"Mzee amesemaje?" Mama aliuliza jioni.

"Vyumba vimejaa," Keziah alijibu, macho yakiwa kwenye daftari.

"Vyote?"

"Vyote."

Mama aliketi taratibu. "Na Fridah anajua atatukuta pale. Simu yake iko kwa madam, siwezi hata kumwambia. Basi, Ijumaa tutachukua teksi tumfuate huko huko."

Baba akapanga hoteli ya kando ya bahari. Alhamisi Keziah alipanda bembea, akaogelea na kucheka.

Ijumaa saa tisa na nusu walitoka kwenda Kandara. Teksi zote zilizopita zilikuwa na watu. Walipopata moja, waliikuta barabara imefungwa na ajali. Magari hayakusogea. Mama alitazama saa yake, akatazama mbele, akatazama saa tena. Ilipofika saa kumi na moja na nusu hakuitazama tena. Alifunika uso kwa mtandio, na Keziah akaona mabega yake yakitetemeka.

Walipofika, Mzee Khatibu alikuwa amesimama mlangoni. "Mmechelewa, wanangu. Amekaa hapo kwenye ngazi muda wote, akisikia gari tu anainuka. Amewaachia bakuli hili la chapati."

Mama alilipokea bakuli. Chini bado lilikuwa na joto.

"Vyumba vingekuwepo, tungekuwa hapa tukimsubiri," alisema kwa sauti ndogo.

Mzee alishangaa. "Vyumba? Wiki nzima vitatu viko vitupu. Hakuna aliyenipigia."

Baba na Mama walimgeukia Keziah.

"Sikupiga," alisema. "Nilitaka ile hoteli. Nilidanganya."

Hakuna aliyemfokea. Mama alikaa kwenye ngazi, pale alipokaa ndugu yake, akalia kwa sauti. Keziah alitamani afokewe.

"Naijua nyumba yao," Mzee Khatibu alisema. "Wanaondoka asubuhi. Njooni mapema niwapeleke."

Jumamosi hawakwenda kwenye bembea. Walifika Al-Hindawiyah masanduku yakipakiwa garini. Anti Fridah alitoka akiwa na ndoo na ufagio, amekonda kuliko kwenye picha. Alimwona dada yake, ndoo ikaanguka.

Madam aliwatazama, kisha akaonyesha vidole vitano. Dakika tano.

Walikumbatiana pale kando ya barabara. Hawakusema maneno mengi. "Mama yetu," Fridah alirudia, "mama yetu, Rose." Keziah alisogea.

"Anti, ni mimi niliyewafanya mkose kuonana jana. Nisamehe."

Fridah alimshika shavu kwa kiganja kigumu. "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini jana nilidhani mmenisahau."

"Yalla, Fridah!" madam aliita, akimhimiza waondoke. Mlango wa gari ukafungwa.

Gari lilipopotea kwenye kona, Mama alimshika Keziah mkono. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa tulivu.

"Na mimi nimekusamehe. Ila nataka ujue ulichokifanya. Ulidhani unadanganya kuhusu chumba tu. Kumbe ulichukua saa moja na nusu ya Fridah, na hakuwa na nyingine. Ungeniambia ukweli kwamba unaitamani ile hoteli, tungezungumza, hata tukalala siku moja hapa na siku moja kule. Ukweli ungeweza kuniudhi kidogo. Uongo umenichukulia kitu ambacho wewe, hata ukijuta vipi, huwezi kunirudishia."