Jiko la Bi Nives na Mfuko wa Aproni

Bi Nives alikuwa na aproni yenye mfuko mkubwa mbele. Vitu vyake vyote vilikaa humo: leso, rozari, mkasi mdogo, vibanio vya nguo na pipi za mnanaa. Huku kwetu Karnia, milimani kaskazini mwa Italia, mwanamke mzee kama yeye akitoka bila aproni, watu watamuuliza kama anaumwa. Aliifunga kiunoni asubuhi kabla ya kuteka maji ya kahawa. Usiku aliivua na kuitundika msumarini, kwenye ujia wa kwenda stoo ya viazi. Ujia huo ni wa baridi kali. Lakini msumari aliupigilia mama mkwe wake, na mambo ya mama mkwe hayaguswi hata akishazikwa.

Msimu huo wa baridi mfuko ulipata mgeni. Ivano, mwanawe wa pekee, alimnunulia jiko jipya la kupasha nyumba joto. Jiko hilo halichomi magogo. Linachoma peleti, yaani punje ndogo za unga wa mbao ulioshindiliwa. Unamimina peleti juu, unabonyeza kitufe, na jiko linajiwasha lenyewe kwa umeme. Ivano alikuwa amechoka kumwona mama yake akipasua kuni kwenye theluji.

Fundi alilifunga jiko, akaenda zake. Ivano alimwonyesha mama yake vitufe harakaharaka, koti likiwa bado mwilini. Yeye anaishi mjini Udine, na barabara ilikuwa imeanza kuganda.

"Na hii rimoti, mama, usiipoteze."

"Mimi nimepoteza nini maishani mwangu?" alijibu Bi Nives. Akaitia mfukoni.

Basi shida ikaanza hapo, na hakuna aliyejua.

Mchana nyumba ilikuwa baridi. Bi Nives aliliwekea jiko digrii ishirini. Moto ukawa mdogo, na feni ikapuliza kivivu. Akapandisha mpaka ishirini na nne. Akapandisha tena mpaka ishirini na nane. Moto ulikuwa uleule, na yeye alikaa na shali mbili akikoroga polenta, ule ugali wetu wa manjano.

Usiku mambo yaligeuka. Alipokwisha kuvua aproni na kupanda kitandani, jiko lilianza kunguruma. Moto ulijaa kioo kizima. Chumba chake cha juu kilikuwa cha moto mpaka alitupa blanketi. Alishuka ngazi kwa hasira, akabonyeza kitufe cha kuzima kilichokuwa juu ya jiko. Feni ikaendelea kuvuma.

"Nimeshakuzima! Unapuliza nini tena?"

Alilelewa katika nyumba ambayo taa haikuachwa iwake katika chumba kitupu. Umeme kupotea bure ilikuwa dhambi kwake. Akachomoa plagi ukutani. Feni ikanyamaza, naye akafurahi. Kisha moshi ukaanza kutoka kwenye mlango wa jiko.

Alifanya hivyo siku kadhaa. Jumapili Ivano alikuja kula chakula cha mchana. Aliinusa nyumba kabla hajavua kofia.

"Mama, huu ni moshi."

"Ni frico imeshika sufuria." Frico ni jibini iliyokaangwa na viazi, na Bi Nives hajawahi kuiunguza.

"Mpaka mapazia yananuka moshi. Unajua hewa mbaya ya moto inaua? Ile yenyewe haina hata harufu. Mtu analala, haamki."

"Jiko lako ni bovu. Mchana halitaki kazi, usiku linafanya kazi ya watu watatu."

"Fundi alipolifunga alisema ni zima." Ivano alikaa, akashika kichwa. "Mimi siwezi kulala huko mjini kwa mawazo. Jumamosi nakuja na masanduku. Utakaa kwetu mpaka Pasaka."

Bi Nives aliinuka kukusanya sahani. Aliwajua wengine walioshuka mjini "mpaka Pasaka". Ersilia wa nyumba ya juu alishuka mpaka Pasaka. Madirisha yake bado yamefungwa, na nyasi zimeota kwenye ngazi. Moshi haukumtisha sana Bi Nives. Masanduku ndiyo yalimtisha, na alipokuwa akiosha vyombo machozi yalimtoka.

Jumatatu asubuhi Delfina alipiga hodi. Delfina ni jirani, na ndiye anayepika jibini kwenye kiwanda kidogo cha maziwa cha kijiji. Alileta bakuli la ricotta, jibini laini, bado ya moto.

"Shangazi, mbona umejifunga shali kama unakwenda kuhiji?" Si ndugu, lakini huku kwetu mwanamke mkubwa wa jirani ni shangazi.

"Niache. Jumamosi nahamishwa kama kabati." Bi Nives akamweleza yote: baridi ya mchana, joto la usiku, moshi, masanduku.

Delfina alichuchumaa mbele ya jiko. "Mbona ni kama langu hili. Rimoti iko wapi?"

Bi Nives akaingiza mkono mfukoni. Ikatoka leso. Ikatoka rozari. Vikatoka vibanio viwili na pipi. Mwisho ikatoka rimoti. Delfina aliipokea, akacheka.

"Ina joto kama yai lililotoka chini ya kuku! Inakaa humo siku zote?"

"Ikae wapi? Mfuko huu haujapoteza kitu tangu nimeolewa."

"Njoo uone hapa. Kuna namba mbili. Hii kubwa ni joto unalolitaka. Umeweka ishirini na nane. Hii ndogo ni joto ambalo rimoti inalisikia. Soma."

Bi Nives akavaa miwani. "Ishirini na tisa."

"Sasa soma kipimajoto chako cha ukutani."

"Kumi na sita. Basi kimojawapo kinasema uongo."

"Hakuna kinachosema uongo. Kila kimoja kinasema habari za pale kilipo. Mimi kiwandani nikiweka kipimajoto kwenye ukingo wa sufuria ya maziwa, kitaniambia habari za ukingo, na jibini itaharibika. Ndani ya rimoti hii mna kipimajoto. Hicho ndicho kinachoongoza jiko. Umekiweka tumboni, chini ya shali mbili. Kinaliambia jiko: huku kuna joto tele, punguza. Na jiko linatii."

Bi Nives aliupapasa mfuko. "Na usiku?"

"Usiku aproni iko wapi?"

"Msumarini. Kwenye ujia." Akajipiga paja. "Mama yangu! Ujia ule ni barafu!"

"Basi rimoti inalia baridi usiku kucha, na jiko linahangaika kupasha joto ujia wa viazi."

Walicheka mpaka Bi Nives akavua miwani na kujifuta macho. Lakini hakukubali haraka kutoa rimoti mfukoni. Alisema ataisahau. Alisema ataikalia. Delfina alimtafutia mahali pa kuiweka. Karibu na dirisha hapafai, kwa sababu pana baridi. Juu ya jiko hapafai, kwa sababu pana moto. Mahali penye jua pia hapafai. Inafaa kukaa wazi, usawa wa kifua, katika chumba kilekile unachotaka kiwe na joto. Kabati la sahani, upande wa pili wa jikoni, lilikuwa mahali pazuri.

"Hapo nitaisahau," alisema Bi Nives tena. Kisha macho yake yakaenda dirishani, kwenye picha ya marehemu mumewe, Tite. Akaichukua, akaifuta kwa aproni, akaiweka kabatini kando ya rimoti. "Huyu nitamtazama kila siku. Na alikuwa mtu wa kulalamikia baridi. Watasikilizana."

"Sasa weka digrii ishirini."

"Niweke thelathini kwanza, lipashe upesi."

"Haliendi upesi zaidi, shangazi. Mimi nikipasha maziwa, moto wangu ni uleule. Namba inaniambia niishie wapi tu. Ukiweka thelathini, jiko litapita ishirini bila kusimama. Utaloa jasho na peleti zitakwisha. Likifika ishirini litapunguza moto lenyewe, na feni itapuliza polepole. Hilo si kosa. Ndiyo kazi yake."

Wakalizima ili walianze upya. Feni ikavuma. Mkono wa Bi Nives ukaelekea kwenye plagi bila hata yeye kujua. Delfina akaushika.

"Huu ndio moshi wako! Jiko lina feni mbili. Moja inasukuma moshi nje kwenye bomba. Ya pili inaleta joto chumbani. Ukizima, ndani bado kuna makaa. Feni lazima zifanye kazi mpaka yapoe. Ukichomoa plagi, moshi haupati wa kuusukuma nje, unarudi kwako. Bonyeza kuzima, halafu liache. Litanyamaza lenyewe."

Waliliacha. Walikula ricotta na mkate. Mwishowe feni zikanyamaza zenyewe.

"Sasa liwashe, mikono ikae mapajani," alisema Delfina.

Bi Nives akaliwasha. Peleti zilidondoka kidogo kidogo. Moshi mwembamba ukaonekana kwenye kioo, kisha mwali mdogo.

"Halipulizi joto. Limekufa. Siku nyingine huwa nalizima hapa na kuanza tena."

"Ndiyo maana haliamki vizuri. Feni ya moshi inafanya kazi tangu mwanzo. Ya chumbani inasubiri chuma kipate moto. Ungependa ikupulizie baridi?"

"La."

"Basi tulia, bibi wee."

Bi Nives akatulia, ingawa ilimgharimu. Mwali ukakua. Feni ya chumbani ikaanza, taratibu, na hewa ya joto ikamgusa magotini. Alifumba macho. Mchana ule, kwa mara ya kwanza tangu theluji ianguke, alivua shali moja, kisha ya pili.

Kabla ya kuondoka Delfina alisema, "Mwite fundi vilevile. Asafishe bomba na aangalie mlango, maana moshi ulipita hapo. Bomba ni la kusafishwa kila mwaka. Na akufungie king'ora cha hewa mbaya." Fundi alikuja Ijumaa. Alibadilisha ukanda wa kuziba mlango wa jiko, uliokuwa umelegea, akafunga king'ora ukutani.

Jumamosi Ivano alifika na masanduku mawili makubwa. Alisimama mlangoni, akanusa. Kulikuwa na harufu ya frico tu. Jiko liliwaka kwa moto mdogo. Mama yake alikuwa kwenye meza, mikono ya blauzi imekunjwa.

"Umewasha na jiko la zamani la kuni?"

"Hilohilo lako. Digrii ishirini, mchana na jioni. Nikienda kulala naliteremsha mpaka kumi na saba."

Ivano alizunguka jikoni. Alikitazama king'ora. Aliichukua rimoti kabatini, akaigeuzageuza, na bila kufikiri akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Irudishe kwa baba yako!"

Alishtuka, akairudisha. Bi Nives akamweleza habari ya mfuko, ya ujia na ya feni mbili. Kisha akalizima jiko ili mwanawe aone. Feni zilivuma, naye aliendelea kukata frico vipande. Hakuigusa plagi. Zilipokwisha kunyamaza, alisema, "Sasa limelala."

"Nani kakufundisha?"

"Delfina. Wewe ulikuwa na haraka, mwanangu."

"Ni kweli, mama. Nilikuwa na haraka." Alimbusu kwenye paji la uso, na hakusema tena habari ya mjini.

Jioni Bi Nives aliyafungua masanduku yote mawili juu ya meza. Ivano alimtazama kwa wasiwasi. Mama yake alitia viazi, unga wa polenta, jibini nzima ya Delfina, ya duara kama gurudumu, soksi za sufu alizofuma, na chupa za mboga za siki. Aliyafunga kwa kuyakalia. Ivano aliyabeba mpaka kwenye gari akihema.

"Haya, mama. Mpaka Pasaka, basi."

"Mpaka Pasaka," alisema Bi Nives. "Mje ninyi. Vitanda vitakuwa na joto."

Alisubiri gari lipinde kona. Kisha akaingia ndani, akaliwasha jiko, akakaa mikono mapajani kusubiri feni.